Mali bila Daftari: Uorodheshaji wa Vigarimoshi vya Mvuke Vilivyoundwa na Mafundi wa Uraibu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa sana kuwaonya wafanyabiashara wasioweka hesabu, lakini maana yake inapita mipaka ya duka na soko. Kitu chochote cha thamani kisichoandikwa popote husalia katika kumbukumbu ya mwenyewe tu, na mwenyewe akifa, kumbukumbu hiyo huzikwa pamoja naye. Makala haya yananuia kueleza jinsi methali hiyo inavyosadifu katika uwanja ambao huenda ni mgeni kwa wasomaji wengi wa jarida hili, yaani uundaji wa vigarimoshi vidogo vinavyoendeshwa kwa mvuke halisi, na hasa kazi ya kuviorodhesha.

Tuanzie karibu na nyumbani. Anayezuru Makumbusho ya Reli jijini Nairobi hulikuta garimoshi kubwa lenye namba 5918 na jina Mount Gelai, ambalo ni jina la mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Garimoshi hilo ni mojawapo ya magarimoshi 34 ya aina yake yaliyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Uzito wake ni takriban tani 250. Hakuna anayetilia shaka utambulisho wake. Kiwanda kililipa namba yake, shirika likalipa namba na jina, na ijapokuwa kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1966, sehemu kubwa ya kumbukumbu zake imehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda mjini Manchester. Mtafiti wa leo anaweza kufuatilia nasaba ya garimoshi hilo hadi kwenye meza ya mchoraji wake.

Sasa tuwaze chombo cha aina nyingine. Nchini Uingereza fundi mmoja, labda karani au mwalimu aliyestaafu, hujifungia kila jioni katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba yake. Kwa muda wa miaka minane au kumi hukereza magurudumu, hukata fremu, hukunja mabamba ya shaba na kuyaunganisha, hadi garimoshi dogo lenye urefu wa meza likakamilika. Garimoshi hilo huchoma makaa kama lile kubwa, huchemsha maji, hupiga king'ora na kuvuta watu wazima. Halina namba ya kiwanda kwa kuwa halikutoka kiwandani. Fundi akifariki, jamaa zake hulikuta chini ya shuka. Hawajui liliundwa kwa mchoro gani, wala boila yake ilikaguliwa lini mara ya mwisho. Huuzwa pamoja na patasi na misumeno ya marehemu. Likishapita mikononi mwa wanunuzi wawili watatu, hata jina la aliyeliunda limekwisha kusahaulika.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba katalogi ya vigarimoshi hivi haina budi kukiorodhesha chombo chenyewe pamoja na mikono iliyokiunda, wala si mchoro wake pekee. Aidha, makala yanashikilia kwamba katalogi ya namna hiyo si anasa ya watu wenye nafasi, bali ni njia ya kuhifadhi heshima ya fundi na, muhimu zaidi, uhai wa wale watakaokitumia chombo chake.

Vigarimoshi vya Mvuke ni Nini?

Kabla ya kuendelea ni bora tufafanue istilahi. Neno 'garimoshi' aghalabu hutumiwa kwa maana ya injini pamoja na mabehewa yote. Katika makala haya limetumiwa kwa maana finyu ya injini yenyewe inayovuta. Umbo la udogo, 'kigarimoshi', linarejelea injini iliyoundwa kwa kipimo kilichopunguzwa. Hata hivyo, msomaji asipotoshwe na kiambishi hiki cha udogo akadhani kwamba tunazungumzia vitu vya watoto kuchezea. Kigarimoshi cha mvuke halisi kina tanuri la moto, boila ya kuchemshia maji, silinda, pistoni na vali zinazofanya kazi kwa kanuni zile zile za garimoshi kubwa. Mvuke ulio ndani yake una joto na shinikizo la kweli, na unaweza kuunguza.

Kwa 'fundi wa uraibu' tunamaanisha mtu anayefanya kazi hii kwa kuipenda, nje ya ajira yake, katika karakana yake mwenyewe. Uraibu huu una historia ndefu. Jarida la Model Engineer lilianzishwa na Percival Marshall jijini London mwaka 1898, na mwaka huo huo chama cha mafundi wa aina hii kikaundwa katika jiji hilo. Kuanzia hapo vyama vingine vilichipuka katika miji mingi ya Uingereza, na baadaye katika nchi kama vile Australia, Afrika Kusini, Kanada na Marekani. Vingi kati yake vina reli zao ndogo katika bustani na viwanja, ambapo wanachama huendesha vigarimoshi na kuwabeba watoto na wazazi wao siku za mapumziko.

Mtu aliyechangia pakubwa kuueneza uraibu huu ni Curly Lawrence, aliyeandika kwa jina la L.B.S.C., herufi za kampuni ya reli ya kusini mwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na mjadala mkali kuhusu boila ifaayo kwa kigarimoshi. Wengi waliamini kwamba chombo kidogo hakingeweza kuchoma makaa kwa ufanisi, na kwamba kilihitaji taa ya spiriti. Lawrence alikitumia kigarimoshi chake, Ayesha, chenye reli ya upana wa inchi 2½ tu, kuonyesha kwamba boila ndogo ya makaa iliyosanifiwa vyema inaweza kumvuta mtu mzima. Kwa miongo kadhaa, hadi karibu na kifo chake mwaka 1967, aliandika maelezo ya kuunda kigarimoshi kimoja baada ya kingine, hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo mtu asiye na mafunzo ya uhandisi angeielewa. Wasanifu wengine, mathalani Martin Evans na Don Young, waliendeleza mkondo huo.

Ikumbukwe, basi, kwamba vigarimoshi vingi vilizaliwa kutokana na michoro iliyochapishwa. Msanifu mmoja aliandika. Mamia ya wasomaji walisoma. Baadhi yao walinunua vipande vya kusubu madukani na kuanza kazi. Hapo ndipo tatizo la mwenye kuorodhesha linapoanzia.

Mchoro na Chombo

Tuchukue mfano wa Tich, kigarimoshi kidogo cha L.B.S.C. chenye reli ya upana wa inchi 3½, kilichokusudiwa wanaoanza kujifunza. Mwenye kuorodhesha akiandika tu 'Tich' katika daftari lake, amesema nini? Amesema jina la mchoro. Hajasema lolote kuhusu chombo kilicho mbele yake. Mchoro wenyewe una boila ya aina mbili, ndogo na kubwa, na fundi alikuwa na hiari ya kuchagua. Zaidi ya hayo, mmoja huongeza pampu ya mkono, mwingine hubadilisha umbo la kibanda cha dereva, wa tatu hutumia mabamba mazito kuliko yale yaliyotajwa. Vyombo viwili vyenye jina moja vinaweza kutofautiana kwa uzito, nguvu, uimara na hata usalama.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana haja ya kufundishwa tofauti hii. Tunajua vyema kwamba utenzi mmoja unaweza kuwa na miswada kadhaa, kila mmoja ukiwa umenakiliwa na mkono wake, mahali pake na wakati wake. J.W.T. Allen alipochapisha mwaka 1970 katalogi ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi yake haikuwa kutaja majina ya tenzi tu, bali kueleza ni miswada ipi hasa iliyomo katika maktaba hiyo. Wanamaktaba nao, kupitia ripoti ya shirikisho lao la kimataifa ya mwaka 1998, wametenganisha ngazi nne: kazi yenyewe kama wazo, namna ilivyowasilishwa, toleo lililochapishwa, na nakala moja moja iliyo mkononi.

Mgawanyo huo unatufaa. Mchoro wa Tich ni kazi. Maelezo yaliyochapishwa jaridani ni toleo. Kigarimoshi kilicho juu ya meza ni nakala. Lakini kuna tofauti moja ambayo haifai kupuuzwa. Nakala za kitabu kilichochapishwa hufanana, kwa hiyo maelezo ya toleo hutosha kwa matumizi mengi. Nakala za kigarimoshi hazifanani, kwa sababu kila moja imepitia mikono, zana na maamuzi ya mtu mwingine. Kwa mintarafu hii kigarimoshi kinakaribiana zaidi na mswada kuliko kitabu. Isitoshe, watunzi wengi wa tenzi walitutendea hisani kwa kutaja majina yao, na pengine tarehe, katika beti za mwisho. Fundi wa kigarimoshi si kila mara hufanya hivyo. Aghalabu chombo chake hubeba jina la garimoshi kubwa aliloliiga, na jina la msanifu hukumbukwa kutokana na jarida, ilhali jina la aliyekesha akikereza na kulehemu halimo popote.

Vipengele vya Ingizo

Ingizo la katalogi linapaswa kuwa na vipengele gani? Tutataja vile vilivyo muhimu zaidi na sababu zake.

Kipengele cha kwanza ni upana wa reli, yaani nafasi iliyoko kati ya kingo za ndani za vyuma viwili. Vipimo vinavyotumiwa sana Uingereza ni inchi 2½, 3½, 5 na 7¼. Huko Marekani baadhi ya maeneo hutumia inchi 4¾ badala ya 5, na inchi 7½ badala ya 7¼. Tofauti hiyo ya robo inchi inaonekana ndogo, lakini kigarimoshi cha reli moja hakitapita katika reli ya nyingine. Mwenye kuorodhesha asikisie, apime.

Kipengele cha pili ni skeli, yaani uwiano wa kigarimoshi na garimoshi kubwa. Wengi huchanganya skeli na upana wa reli, ilhali ni mambo mawili tofauti. Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Ukiipunguza hadi inchi 7¼, sawa na takriban milimita 184, unapata skeli inayokaribia moja kwa nane. Sasa tuchukue garimoshi letu la Mount Gelai, ambalo lilisanifiwa kwa reli ya upana wa mita moja. Fundi akitaka kuliiga kwa reli ile ile ya inchi 7¼, skeli yake itakuwa takriban moja kwa tano na nusu. Garimoshi lenye urefu wa zaidi ya mita 31 litakuwa na mfano wa karibu mita 6. Kwa hiyo vigarimoshi viwili vinavyotumia reli moja vinaweza kuwa na ukubwa usiolingana kabisa, na katalogi inayotaja upana wa reli bila skeli itampotosha msomaji.

Skeli ina athari nyingine. Urefu ukipunguzwa mara 8, eneo hupungua mara 64, na ujazo pamoja na uzito hupungua mara 512. Kutokana na hali hii haiwezekani kupunguza kila kitu kwa kiwango kimoja. Mirija ya boila ya garimoshi kubwa ina kipenyo cha takriban milimita 50. Ikipunguzwa mara 16 itakuwa na kipenyo cha milimita 3 hivi, na masizi yataiziba mara moja. Ndiyo maana mafundi hupenda kusema kwamba maumbile hayakubali kupunguzwa kwa skeli. Fundi hulazimika kuweka mirija michache iliyo mipana kuliko uwiano unavyodai. Kila anapofanya hivyo anaamua jambo, na kila uamuzi wa aina hiyo unastahili kuandikwa, kwa kuwa ndio unaoeleza kwa nini chombo kimoja huchemka upesi na kingine husuasua.

Kipengele cha tatu ni mpangilio wa magurudumu. Mfumo ulioenea katika nchi zinazozungumza Kiingereza ni ule wa Mmarekani Frederick Whyte, ulioanza kutumiwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mfumo huu huhesabu magurudumu ya kuongoza, ya kuendesha na ya nyuma, kwa utaratibu huo. Tich, isiyo na magurudumu ya kuongoza wala ya nyuma, ni 0-4-0. Mount Gelai, yenye mikusanyo miwili ya magurudumu chini ya boila moja, ni 4-8-2+2-8-4. Katika bara la Ulaya hutumiwa mfumo mwingine unaohesabu ekseli kwa herufi na tarakimu. Katalogi ichague mfumo mmoja na kuuzingatia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kipengele cha nne ni mfumo wa kuendesha vali, yaani vyuma vinavyoamua ni wakati gani mvuke uingie katika silinda na wakati gani utoke. Mifumo mashuhuri ni ule wa Stephenson na ule wa Mbelgiji Egide Walschaerts wa mwaka 1844. Huu wa pili huwa nje ya magurudumu katika vigarimoshi vingi na huonekana kwa urahisi. Ule wa kwanza mara nyingi hufichika katikati ya fremu, na mwenye kuorodhesha hana budi kuinama na kuchungulia.

Vipengele vilivyosalia ni mchoro na msanifu, jina la fundi, mahali na miaka ya uundaji, metali zilizotumika, mabadiliko yaliyofanywa, mlolongo wa wamiliki, na hali ya chombo kwa sasa. Lakini kipo kimoja kinachovipita vyote kwa uzito, nacho kinahitaji sehemu yake.

Boila: Pale Daftari Linapolinda Maisha

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka na kuwa zaidi ya lita 1,600. Boila huizuia nguvu hiyo. Kigarimoshi cha kawaida hufanya kazi kwa shinikizo la ratili 80 hadi 100 kwa kila inchi ya mraba. Chini ya shinikizo la ratili 100, maji hayachemki kwa nyuzijoto 100 za Selsiasi bali kwa takriban 170. Boila ikipasuka ghafla, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na aliye karibu hana nafasi ya kukimbia. Dereva wa kigarimoshi huketi nyuma tu ya boila, na mara nyingi nyuma yake wameketi watoto.

Kwa sababu hii vyama vya mafundi vya Uingereza vimekubaliana juu ya kanuni za ukaguzi, na Australia nayo ina kamati yake ya usalama wa boila ndogo. Boila mpya hujazwa maji baridi na kushindiliwa hadi mara mbili ya shinikizo la kazi. Katika majaribio ya baadaye hufikishwa mara moja na nusu. Maji baridi hutumiwa kwa kuwa hayatanuki kama mvuke: penye udhaifu patavuja tu, wala hapatalipuka. Baada ya hapo hufuata jaribio la mvuke, ambalo hurudiwa takriban kila mwaka. Boila hupigwa namba, na namba hiyo huandikwa katika cheti. Bila namba, cheti ni karatasi tu. Bila cheti, namba ni mikwaruzo tu.

Kigarimoshi kinapopotelewa na karatasi zake, mkaguzi hulazimika kuanza upya, tena akiwa gizani. Hawezi kuona ndani ya boila iliyokwisha kufungwa. Hajui unene wa bamba kabla halijaliwa na kutu wala ni metali gani iliyotumiwa kuunganisha. Jambo hili la mwisho si dogo. Fedha ya kulehemia huyeyuka kwa zaidi ya nyuzijoto 600, kwa hivyo ina usalama mkubwa. Lakini katika miongo iliyopita baadhi ya mafundi walitumia lehemu laini ya bati na risasi kuziba sehemu zilizovuja karibu na vishikizo vya ndani. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwa takriban nyuzijoto 183. Tumekwisha kuona kwamba mvuke wa kazi unaweza kufikia nyuzijoto 170. Tofauti ni nyuzi 13 tu, na kiwango cha maji kikishuka hadi bamba la juu la tanuri likaachwa wazi, tofauti hiyo humalizika mara moja.

Sentensi moja iliyoandikwa na fundi mwenyewe, kwamba viungo vyote vililehemiwa kwa fedha, au kwamba vishikizo vilizibwa kwa lehemu laini mwaka fulani, ingemwondolea mkaguzi shaka yote hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi aliyeshindwa kuandika sentensi hiyo akiwa hai huenda amemwachia mjukuu wake chombo ambacho hakitawashwa tena, au, vibaya zaidi, chombo kitakachowashwa na mtu asiyejua.

Kukisoma Chombo Kisicho na Karatasi

Je, karatasi zikiwa zimepotea, kazi ya kuorodhesha imekwisha? La hasha. Chombo chenyewe ni ushahidi, mradi kisomwe kwa subira.

Hatua ya kwanza ni kutokisafisha. Rangi ya zamani, masizi, na hata kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya sanduku la kubebea vinaweza kueleza mengi. Hatua ya pili ni kutafuta alama zilizopigwa: katika bamba la nyuma la boila, chini ya fremu, nyuma ya silinda na katika ncha za ekseli. Herufi mbili zilizochongwa mahali pasipoonekana huenda ndizo saini pekee aliyoiacha fundi. Hatua ya tatu ni kupima: upana wa reli, kipenyo cha magurudumu, kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Vipimo hivi vikilinganishwa na michoro iliyochapishwa, mara nyingi hufichua msanifu.

Hatua ya nne ni kuchunguza parafujo. Mafundi wengi wa Uingereza walitumia parafujo za mfumo unaofahamika kwa herufi B.A. Chombo kilichojaa parafujo hizo yamkini kiliundwa Uingereza au katika nchi iliyofuata desturi zake. Lakini 'yamkini' si 'bila shaka', kwani parafujo husafirishwa na kubadilishwa. Hapa ndipo katalogi nzuri inapotofautiana na uvumi. Kila taarifa inapaswa kuambatana na chanzo chake: hili nimelipima mwenyewe, hili nimelisoma katika cheti, hili nimeambiwa na muuzaji. Asiyejua jina la fundi aandike 'hajulikani'. Neno hilo si aibu. Linamwachia mtafiti ajaye mlango wazi, ilhali jina la kukisia linaufunga.

Ufuatao ni mfano wa ingizo, uliobuniwa ili kuonyesha umbo lake tu:

Namba ya ingizo: 1.
Mchoro: Tich wa L.B.S.C., wenye boila kubwa (umetambuliwa kwa vipimo).
Upana wa reli: inchi 3½ (umepimwa).
Magurudumu: 0-4-0, lenye matangi ya maji ubavuni.
Vali: mfumo wa Walschaerts (umeonekana).
Boila: shaba nyekundu, namba imepigwa kwenye bamba la nyuma, cheti hakijaonekana, lehemu haijathibitishwa, isiwashwe kabla ya kukaguliwa.
Fundi: hajulikani, herufi mbili zimechongwa ndani ya fremu ya kushoto.
Mabadiliko: pampu ya mkono si ile ya mchoro.
Chanzo cha historia: maelezo ya mdomo ya muuzaji.

Msomaji atatambua kwamba ingizo hili ni fupi na lina mapengo mengi. Hata hivyo, limekwisha kufanya kazi tatu. Limekitofautisha chombo hiki na ndugu zake wote wenye jina moja. Limehifadhi herufi mbili ambazo siku moja zinaweza kupata mwenyewe. Na limemwonya yeyote atakayekuwa na haraka ya kuwasha moto.

Mipaka ya Uwazi

Ni muhimu kutanabahi kwamba si kila kinachoandikwa kinafaa kuchapishwa. Kigarimoshi kizuri kina bei kubwa, na vingi huhifadhiwa katika vibanda visivyo na ulinzi. Katalogi inayotaja jina na anwani ya mmiliki inaweza kuwa ramani ya mwizi. Kwa hivyo ni busara kuwa na sehemu mbili: ile ya wazi inayoeleza chombo, na ile ya siri, inayotunzwa na katibu wa chama au mhifadhi wa makumbusho, inayoeleza kilipo. Aidha, familia ya marehemu ina haki ya kuombwa idhini kabla ya habari zake kuwekwa hadharani. Heshima kwa fundi haiwezi kujengwa juu ya kuwadharau warithi wake.

Hitimisho

Makala haya yameeleza vigarimoshi vya mvuke ni nini, yamebainisha tofauti iliyopo kati ya mchoro na chombo, na yamependekeza vipengele vya ingizo pamoja na njia ya kukisoma chombo kisicho na nyaraka. Yamesisitiza pia kwamba kumbukumbu za boila ni suala la uhai wala si la mapambo.

Mount Gelai haina hofu ya kusahauliwa. Ina namba, ina jina, ina kiwanda katika nasaba yake. Kigarimoshi cha fundi wa uraibu hakina kiwanda cha kukisemea. Kina mtu mmoja tu, na mtu huyo anazeeka. Wakati bora wa kuandika ingizo lake si baada ya mazishi bali sasa, fundi angali ameketi kando ya kerezo yake na anaweza kuulizwa: ulianza lini, ulifuata mchoro wa nani, ulibadilisha nini, na boila uliilehemu kwa nini? Maswali hayo manne huchukua muda mfupi tu kuuliza. Yasipoulizwa, miaka kumi ya jioni za mtu huishia katika orodha ya mnada, kwa maneno mawili: 'injini ndogo'.